Mtihani, Michezo na Haki ya Mtoto

Kila mwaka, siku matokeo ya mitihani ya taifa yanapotangazwa, nchi hugawanyika makundi mawili. Kuna nyumba zinazopiga vigelegele, na kuna nyumba zinazofunga milango mapema. Kijana ambaye jana alikuwa mwanafunzi kama wenzake, leo anaitwa "aliyefeli", na jina hilo humfuata hata anapokwenda kuomba kazi ya ulinzi wa usiku. Wazazi humlaumu mtoto, mtoto hujilaumu mwenyewe, walimu huwalaumu wazazi, na serikali hulaumiwa na wote. Ni mara chache sana mtu husimama na kuuliza swali ambalo lingepaswa kutangulia mengine yote: je, kipimo chenyewe kinategemeka kwa kiasi gani?

Swali hili si la wataalamu peke yao. Ni swali la haki. Muuza sukari hukaguliwa mizani yake na Wakala wa Vipimo, kwa kuwa kila mnunuzi anastahili kilo kamili aliyoilipia. Ikiwa tunailinda kilo ya sukari kiasi hicho, iweje mizani inayopima miaka kumi na mmoja ya masomo ya mtoto ipokewe bila kuulizwa?

Katika makala haya tutalieleza jambo hili kwa njia ya michezo, kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wetu tunaujua mpira na riadha kuliko hesabu za takwimu. Pili, wanamichezo wametutangulia. Walitambua zamani kwamba kila kipimo hukosea, wakajiwekea kanuni za kuyapunguza makosa hayo na za kuyakubali yale yasiyoweza kuondolewa.

Siku moja haitoshi kumpima mtu

Watanzania wengi wanalijua jina la John Stephen Akhwari, mkimbiaji kutoka Mbulu. Katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1968 mjini Mexico City alianguka akaumia goti, lakini hakukubali kuziacha mbio za marathoni. Aliingia uwanjani akichechemea, bandeji mguuni, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Muda wake ulikuwa saa 3 na dakika 25, na alikuwa wa mwisho miongoni mwa waliomaliza. Kwa ushujaa huo dunia inamkumbuka mpaka leo.

Lakini kuna jambo moja ambalo halisimuliwi mara nyingi. Mwaka 1970, chini ya miaka miwili baadaye, Akhwari huyo huyo alikimbia marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh. Alishika nafasi ya tano, kwa muda wa saa 2 na dakika 15. Umbali ni ule ule na miguu ni ile ile, lakini tofauti ya muda yapita saa moja na dakika kumi. Saa za waamuzi wa Mexico zilihesabu kwa usahihi, lakini hazikupima uwezo wa Akhwari. Zilipima uwezo wa Akhwari pamoja na goti lililoumia.

Wataalamu wa upimaji husema hivyo hivyo juu ya mtihani. Tangu mwanasaikolojia Mwingereza Charles Spearman alipoandika juu ya jambo hili mwaka 1904, wamefundisha kwamba kila alama ina sehemu mbili. Ipo sehemu inayotokana na ujuzi wa kweli wa mtahiniwa, na ipo sehemu inayotokana na mambo ya kupita: maswali yaliyochaguliwa mwaka huo, homa, njaa, msiba nyumbani, mkono wa msahihishaji. Sehemu hii ya pili huitwa kosa la upimaji. Neno "kosa" hapa halimaanishi kwamba mtu fulani amefanya uzembe. Lamaanisha tu kwamba mtoto yule yule, akipewa karatasi nyingine ya kiwango kile kile juma linalofuata, asingepata alama ile ile.

Tofauti kati ya michezo na mtihani ni hii. Medali ni tuzo ya siku hiyo. Yasema nani alitangulia kufika, wala haidai zaidi. Cheti cha mtihani kinadai zaidi. Kinadai kueleza mtoto anajua nini na anafaa kwa lipi, na kwa dai hilo milango hufunguliwa au hufungwa. Kipimo chenye dai kubwa chapaswa kuwa imara kuliko kile chenye dai dogo. Kwa bahati mbaya, sisi tumempa mkimbiaji nafasi ya kwenda Edinburgh, lakini mtoto aliyeanguka Mexico tumemwambia arudi nyumbani.

Mechi moja na ligi nzima

Kila shabiki wa mpira anajua kwamba timu dhaifu yaweza kuifunga timu kubwa katika mechi moja ya mtoano. Mpira hugonga mwamba, mwamuzi hukosea, mvua hunyesha. Ndiyo maana bingwa wa nchi hapatikani kwa mechi moja. Katika ligi yenye timu 16, ambamo kila timu hukutana na kila nyingine mara mbili, nyumbani na ugenini, timu hucheza mechi 30. Bahati ya leo hufutwa na mkosi wa kesho, na mwishoni msimamo wa ligi huonyesha ubora kwa karibu zaidi.

Mitihani nayo ina kanuni ya namna hiyo. Kutegemeka kwa mtihani hupimwa kwa namba kuanzia 0, ambayo ni sawa na bahati nasibu, hadi 1, ambayo ni kipimo kisichokosea kabisa. Mwaka 1910 Spearman na mwenzake William Brown, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha jinsi namba hiyo inavyopanda mtihani unaporefushwa. Mtihani wenye kiwango cha 0.70, ukiongezwa maswali ya aina ile ile hadi kuwa mara mbili, hufikia takriban 0.82. Lakini hata ukirefushwa namna gani, haufiki 1.

Tuchukue sasa mtihani mzuri, wenye kiwango cha 0.90. Tuseme kwamba theluthi mbili hivi ya watahiniwa wamo ndani ya alama 15 juu au chini ya wastani. Hesabu zinaonyesha kwamba kosa la upimaji la mtihani huo ni karibu alama 5. Tuseme pia kwamba mstari wa kufaulu ni alama 30. Fikiria watoto 100 ambao ujuzi wao wa kweli ni alama 32: wote wanastahili kufaulu, lakini takriban theluthi moja yao wataangukia chini ya mstari. Fikiria na wengine 100 ambao ujuzi wao ni alama 28: takriban theluthi moja yao watavuka. Hakuna aliyeiba mtihani, wala hakuna aliyepokea rushwa. Hivyo ndivyo kipimo kizuri kinavyofanya kazi kikitumiwa kukata watu kwa mstari mmoja mwembamba.

Mtu aweza kusema kwamba mtihani wa kidato cha nne si mechi moja, maana daraja hutokana na masomo saba. Ni kweli, na jambo hilo husaidia. Lakini masomo hayo yote hufanyiwa mtihani katika majuma machache. Malaria inayomshika mtoto siku ya Hisabati bado imo mwilini siku ya Biolojia. Hiyo ni ligi ambayo mechi zake zote huchezwa mfululizo, na mchezaji akiugua hana mechi iliyobaki ya kujirekebisha.

Mwamuzi naye ni binadamu

Katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, bondia wa Marekani Roy Jones Jr. alimshinda waziwazi mpinzani wake wa Korea ya Kusini, hivyo ndivyo walivyoona watu wengi waliotazama pambano hilo la fainali. Majaji watatu kati ya watano waliamua vinginevyo. Lawama zilikuwa kubwa, na katika Olimpiki iliyofuata, ya Barcelona mwaka 1992, hesabu ya ngumi ilifanywa kwa kompyuta. Katika mchezo wa kupiga mbizi, penye majaji saba, alama mbili za juu kabisa na mbili za chini kabisa huondolewa, zikahesabiwa za katikati. Wanamichezo hawakudhani kwamba majaji wao ni malaika. Waliweka utaratibu unaokubali kwamba jicho la binadamu hutofautiana na jicho la mwenzake.

Wasahihishaji wa mitihani ni waamuzi wa namna hiyo. Mwaka 1935, huko Uingereza, Philip Hartog na E. C. Rhodes walichapisha uchunguzi maarufu. Karatasi 15 za mtihani wa historia zilisahihishwa na watahini wenye uzoefu. Baada ya mwaka mmoja au zaidi kidogo, watahini 14 kati yao walipewa karatasi zile zile wazisahihishe tena, bila alama za awali. Zilikuwa hukumu 210 kwa jumla, na katika 92 kati ya hizo mtahini alitoa daraja tofauti na lile alilolitoa yeye mwenyewe mara ya kwanza. Mtu hakutofautiana na jirani yake tu. Alitofautiana na nafsi yake.

Tangu wakati huo njia za usahihishaji zimeboreshwa sana. Upo mwongozo wa majibu, yapo mafunzo, na upo ukaguzi wa karatasi zilizokwisha kusahihishwa. Yote hayo ni mema. Hata hivyo, mwalimu anayesahihisha mamia ya karatasi, siku baada ya siku, akiwa mbali na nyumbani kwake, hawezi kuwa yule yule asubuhi na jioni. Kumlipa vizuri, kumpumzisha na kumpunguzia mzigo si hisani kwa mwalimu. Ni sehemu ya haki ya mtoto.

Utepe uliosogezwa

Mwaka 2011 Geoffrey Mutai wa Kenya alikimbia marathoni ya Boston kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 2. Hakuna mtu aliyekuwa amekimbia umbali huo kwa kasi kama hiyo. Ushindi alipewa, lakini rekodi ya dunia hakuandikiwa, kwa sababu njia ya Boston huteremka kuliko inavyoruhusiwa, na huanzia mahali pamoja na kuishia mbali na hapo, hivyo upepo wa nyuma waweza kumsukuma mkimbiaji njia nzima. Wanariadha hawakumwonea Mutai. Walisema tu kwamba mbio za njia tofauti hazilinganishwi kana kwamba njia ni moja.

Ndugu msomaji, sisi Watanzania tulipata somo hilo kwa uchungu. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalitangazwa Februari 2013. Watahiniwa zaidi ya 240,000, yaani takriban asilimia 60, walipata daraja sifuri. Taifa lilitikisika, na Waziri Mkuu akaunda tume ya kuchunguza. Mwezi Mei serikali ililieleza Bunge kwamba mwaka huo ulitumika utaratibu mpya wa kupanga madaraja, ambao haukuwa umeandaliwa vya kutosha pamoja na wadau. Matokeo yalifutwa, alama zikapangwa upya kwa utaratibu wa mwaka uliotangulia, na waliofaulu wakaongezeka kutoka takriban asilimia 34 hadi asilimia 43.

Tulitafakari jambo hilo kwa utulivu. Kati ya Februari na Mei hakuna mtahiniwa aliyeandika neno moja zaidi. Karatasi zilikuwa zile zile, na wino ulikuwa ule ule. Wakimbiaji walikuwa wamekwisha kwenda nyumbani. Kilichosogezwa ni utepe. Makumi ya maelfu ya vijana walikuwa wameitwa wajinga kwa miezi mitatu, kisha wakaambiwa kwamba hawakuwa wajinga. Je, ni wangapi ambao katika miezi hiyo walikuwa wamekwisha kuozwa, au kupelekwa mjini kufanya kazi za ndani, au kukata tamaa kabisa? Hatuna hesabu yao, na hilo nalo ni sehemu ya kosa.

Tusielewe vibaya. Kusogeza utepe hakukumfundisha mtoto yeyote. Hata baada ya marekebisho, wengi zaidi ya nusu walibaki wamefeli, na sababu za kufeli huko zilikuwa shuleni: uhaba wa walimu wa sayansi, maabara ambazo hazikuwepo, vitabu vichache. Lakini ugonjwa wa mwili haututolei ruhusa ya kutumia kipimajoto kibovu.

Upepo usiopimwa

Katika mbio za mita 100, upepo wa nyuma ukizidi mita 2 kwa sekunde, mshindi hubaki mshindi lakini muda wake hauandikwi kuwa rekodi. Kipima upepo huwekwa kando ya njia ili kila mtu ajue mkimbiaji alisaidiwa kiasi gani.

Katika mitihani yetu upo upepo wa mbele ambao hatuupimi. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili miaka yote, kisha akifika sekondari hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Anaposhindwa kujibu swali la Fizikia, hatujui kama ameshindwa Fizikia au ameshindwa kulisoma swali. Na upepo huu hauvumi sawa kwa wote. Aliyesoma shule ya kulipia kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza huusikia kwa mbali tu, na mtoto wa mkulima humvumia usoni.

Hapa pana jambo la kuangaliwa kwa makini. Mtihani waweza kutegemeka na bado usiwe wa haki. Saa inayochelewa dakika kumi kila siku hutegemeka sana, maana haibadiliki, lakini haisemi kweli. Upepo unaompiga mtoto yule yule kila mwaka hauonekani katika hesabu za kutegemeka, kwa kuwa humrudisha nyuma kila mara kwa kiasi kile kile. Kwa hiyo hatuna budi kuuliza maswali mawili, wala si moja: je, kipimo kinatoa jibu lile lile kikirudiwa? Na je, kinapima kile tunachodai kwamba kinapima?

Tusiivunje mizani

Wako watakaosema kwamba basi mitihani ifutwe. Sisi hatusemi hivyo. Pasipo mtihani wa wote, nafasi za masomo zingekwenda kwa watoto wa wenye fedha na wenye jamaa ofisini. Mtihani unaosahihishwa bila jina umewainua watoto wengi wa maskini ambao wasingeinuliwa na barua ya utambulisho. Tunajua pia kwamba alama zinazotolewa shuleni peke yake zaweza kununuliwa, au kutolewa kwa upendeleo.

Aidha, mawazo haya si mageni kwetu. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alionya kwamba mitihani hupima uwezo wa kukumbuka mambo na kuyatoa kwa wakati uliopangwa, wala haipimi tabia na moyo wa kutumikia. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikataa mtihani mmoja wa mwisho kuwa hukumu pekee, na kazi za mwanafunzi za miaka yake ya masomo zikaanza kuhesabiwa. Jirani zetu wa Kenya walifanya mtihani wao wa kumaliza darasa la nane kwa mara ya mwisho mwaka 2023, wakaingia katika utaratibu unaojumlisha tathmini za shuleni za miaka kadhaa pamoja na mtihani. Utaratibu huo nao utakuwa na kasoro zake, lakini umeelekea upande wa ligi badala ya mechi moja. Hapa kwetu, Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa kumi bora. Tunaipongeza hatua hiyo, maana mara nyingi tofauti kati ya wa kwanza na wa kumi ni ndogo kuliko kosa la kipimo chenyewe.

Tunaomba mambo manne. Kwanza, matokeo yanapotolewa, umma uelezwe pia kiwango cha kutegemeka kwa kila mtihani na ukubwa wa kosa lake. Pili, mtoto aliye karibu na mstari asihukumiwe kwa alama moja. Kazi zake za shuleni ziangaliwe, au apewe mtihani mwingine bila ada. Mruka chini hupewa majaribio matatu, na walio bora huongezewa mengine. Je, akili ya mtoto yastahili nafasi pungufu kuliko mguu wa mwanariadha? Tatu, utaratibu wa kupanga madaraja usibadilishwe kabla ya kutangazwa na kufahamika, kwa maana hakuna mchezo ambao kanuni zake hubadilishwa baada ya filimbi ya mwisho. Nne, rufaa ya usahihishaji iwe ya gharama ambayo mzazi maskini aweza kuimudu. Haki inayonunuliwa ni haki ya tajiri.

Na sisi wazazi, walimu na majirani tunalo letu la kufanya tangu leo, bila kungoja sheria. Tuliondoe vinywani mwetu neno "amefeli" linapotumika kama jina la mtu. Mtihani ulisema mtoto alipata alama gani siku fulani, katika karatasi fulani. Haukusema yeye ni nani, wala haukuwa na uwezo wa kulisema hilo.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Katika kijiji au mtaa wetu, vijana walioitwa "waliofeli" wako wapi sasa, na nani anawajali?

2. Je, watoto wa shule yetu wanaanzia mstari mmoja na watoto wa shule nyingine? Ni upepo gani unaowavumia usoni?

3. Ni jambo gani moja tunaloweza kulipeleka kwenye kamati ya shule au kwa diwani wetu kabla ya mitihani ijayo?